Je, Wajua kwa Nini Mshumaa Mnene Hubonyea Katikati, na Jinsi Beseni la Maji Linavyousaidia Kupoa Sawasawa?

Mama anayetaka kupoza uji wa mtoto upesi hukiweka kikombe ndani ya bakuli la maji, kisha hukoroga. Kila tendo lina sababu yake: maji huondoa joto kwenye ukuta wa kikombe, na kijiko huuleta ukutani uji wa katikati, ambao bado unaunguza, ili nao upate kupoa. Mtengenezaji wa mishumaa minene anaweza kufanya tendo la kwanza, lakini la pili hana, kwa kuwa nta iliyokwisha kumiminwa kwenye kalibu na kuanza kuganda haikorogwi tena. Karibu kila kasoro ya mshumaa mkubwa uliotengenezwa nyumbani, iwe ni shimo linaloufuata utambi, ufa ubavuni au upande mmoja kung'aa huku mwingine ukiwa na mabaka, inatokana na hali hiyo ya joto la katikati kukosa njia ya haraka ya kutokea.

Tuanze na shimo, kwa sababu ndilo linalowavunja moyo wengi. Karibu kila kitu kinachoganda hupungua ukubwa. Sisi tumezoea maji, ambayo tabia yake ni kinyume: chupa iliyojazwa maji hadi shingoni na kusahauliwa kwenye friza hupasuka kwa sababu barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoizaa, kwa takribani asilimia 9. Nta haifanyi hivyo. Nta ya parafini, ile nyeupe inayopatikana katika usafishaji wa mafuta ghafi, hupungua ujazo kwa asilimia 10 hadi 15 tangu inapomiminwa ikiwa majimaji hadi inapopoa kabisa. (Katika Kenya na Uganda watu wengi huyaita mafuta ya taa "parafini", hapa hatuzungumzii mafuta hayo, na hayapaswi kabisa kukaribia sufuria ya nta iliyo jikoni.) Chukua mshumaa wenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 14, ambao ukikamilika huwa na uzito wa kilo 1 hivi. Nta yake ilipokuwa ya moto ilijaza takribani lita 1 na robo, na ikishapoa hujaza lita 1 na mililita 100 tu. Tofauti hiyo, inayotosha kujaza vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu, ni nafasi tupu ambayo lazima ijitokeze mahali fulani, ama ndani ya mshumaa ama juu yake.

Mahali itakapojitokeza huamuliwa na mpangilio wa kuganda. Nta inayogusa ukuta wa kalibu huganda kwanza, na uso wa juu unaoguswa na hewa hufuata, hivyo kwamba baada ya muda panakuwa na ganda gumu pande zote na nta ya moto iliyofungiwa ndani yake. Nta hiyo ya ndani nayo inaendelea kuganda na kusinyaa, lakini sasa haina pa kuvutia nta nyingine ya kujazia. Ganda la juu likiwa bado laini, huvutwa chini na kubonyea kama bonde. Likiwa limeshakuwa gumu, halibonyei, na badala yake pango hufanyika kwa siri pembeni mwa utambi. Kwa maoni yangu bonde si tatizo kubwa, kwa sababu linaonekana na linaweza kujazwa, ilhali pango humngoja mtu aliyeuwasha mshumaa: moto unapolifikia, nta iliyoyeyuka hutiririkia humo ghafla, na utambi hubaki bila chakula au huzama na kuzimika.

Kwa nini katikati huchelewa kiasi hicho? Nta hupitisha joto kwa shida sana. Sufuria ya alumini hupitisha joto mamia ya mara kuliko nta, na hata maji yaliyotulia huipita nta zaidi ya mara mbili. Ganda la kwanza linalofanyika ukutani ni kama blanketi lililovikwa sehemu ambayo bado ni ya moto, na kila milimita inayoongezeka hulifanya blanketi hilo kuwa zito zaidi. Ndiyo maana muda wa kupoa kwa kiini hauongezeki sambamba na unene, bali kwa mraba wake: mshumaa wenye kipenyo cha sentimita 10 ni mnene mara 5 kuliko ule wa sentimita 2, lakini joto la kiini chake huhitaji muda wa mara 25 kupita ndani ya nta hadi ukutani. Kuna pia joto fiche, yaani joto ambalo nta hulitoa wakati inapogeuka kutoka majimaji kuwa ngumu bila kipimajoto kushuka. Kilo 1 ya parafini inapoganda hutoa takribani kilojuli 200, ambazo zingetosha kupandisha joto la maji ya ndoo ya lita 10 kwa karibu nyuzi 5. Joto lote hilo lazima lipenye blanketi lile lile.

Sasa tuangalie kinachotokea nje ya kalibu. Mshumaa ulioachwa juu ya meza hupoa kwa hewa, na hewa ni mpokeaji dhaifu wa joto. Ili kupanda nyuzi 1, lita 1 ya maji huhitaji joto la mara 3,500 hivi kuliko lita 1 ya hewa. Zaidi ya hilo, hewa ya chumbani haifanani pande zote: upande unaoelekea dirishani hupigwa na upepo, upande wa pili umeelekea jiko lililokuwa likichemsha nta, na chini kuna saruji baridi au ubao wenye uvuguvugu. Kila upande huganda kwa mwendo wake. Upande uliotangulia huwa na ganda nene, kiini cha moto husogea kuelekea upande uliochelewa, na kwa kuwa kila sehemu husinyaa kwa wakati wake, mvutano hujikusanya ndani ya nta hadi mshumaa unapinda kidogo au unapata ufa.

Maji ya beseni huondoa tofauti hizo kwa njia rahisi. Kwa kuwa yanazunguka kalibu pande zote, na kwa kuwa maji yaliyopata joto hupanda na kuyapisha yaliyo baridi, ukuta mzima wa kalibu hukaa katika joto linalokaribiana. Ganda hukua kwa unene ule ule kila upande, na sehemu ya mwisho kuganda inakuwa pale tunapotaka iwe, katikati kabisa, karibu na utambi. Watu wengi hudhani kazi ya maji ni kuharakisha. Ni kweli kwamba yanaharakisha, na mshumaa mwembamba katika kalibu ya bati huwa tayari mapema sana ukiwekwa majini, lakini kwa mshumaa mnene kizuizi kikubwa ni nta yenyewe. Kwa makadirio, mshumaa wetu wa sentimita 10 ukitolewa hewani na kuwekwa majini, muda wa kuganda hupungua kama kwa nusu tu, na maji yakishachukua kila joto linalofika ukutani, kuongeza barafu ndani ya beseni hakukipi kiini nafuu kubwa.

Viwanda vya karne ya 19 vilijua umuhimu wa maji haya. Baada ya Joseph Morgan kupata hataza yake huko Uingereza mwaka 1834, kwa mashine iliyosukuma mishumaa nje ya kalibu kwa pistoni, kusubu mishumaa mingi kwa mkupuo kulikuwa kazi ya kawaida, na kalibu za mashine za aina hiyo zilikuja kupangwa ndani ya tangi la chuma ambalo lingeweza kujazwa maji ya moto au baridi. Kalibu zilipashwa moto kwanza, nta ikamiminwa, ndipo maji ya kupoza yakaingizwa. Kwa stearini, inayotokana na mafuta ya wanyama au ya mimea, mafundi walikuwa na njia nyingine: waliikoroga mpaka ikaanza kuganda na kuwa kama uji mwepesi, ndipo wakaimimina, kwa sababu stearini ikipoa polepole bila kukorogwa hufanya fuwele kubwa zinazoufanya mshumaa uvunjike kwa urahisi. Kile kijiko cha mama wa mtoto kilikuwa na nafasi yake kiwandani, ila kilitumika kabla ya kumimina.

Swali gumu zaidi ni maji yawe na joto gani. Ukuta ukipozwa kwa ghafla, ganda la nje husinyaa na kukakamaa likiwa limezunguka kiini chenye nyuzi 70 na zaidi. Kiini kinapokuja kusinyaa baadaye, kinalivuta ganda ambalo haliwezi tena kukifuata, na matokeo yake ni nyufa na mapango. Kwa upande wa pili, nta iliyoganda upesi huwa na fuwele ndogo na uso unaong'aa, ndiyo maana wapo wanaopenda maji baridi. Kwa mishumaa minene mimi naona maji ya vuguvugu yana faida kubwa zaidi: kwa parafini inayoyeyuka kwenye nyuzi 58 au 60, maji ya nyuzi 45 hadi 50 huanza kugandisha ukuta taratibu, na beseni zima likaachwa lipoe lenyewe, maji na mshumaa vikishuka pamoja. Tahadhari hii ina uzito zaidi Njombe mwezi wa Julai, ambako maji ya bomba huwa ya baridi kali, kuliko Dar es Salaam, ambako maji ya bomba yenyewe mara nyingi yana uvuguvugu wa kutosha kutoleta madhara makubwa.

Nta ya nyuki huhitaji upole zaidi ya parafini. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na mshumaa mnene wa nta hiyo ukipozwa haraka hupasuka kwa wepesi. Wakazi wa Tabora, mkoa unaojulikana kwa asali na nta, wana malighafi hii karibu nao, na wapo watu wa parokia wanaotamani kujitengenezea mshumaa wa Pasaka badala ya kuagiza. Mshumaa huo huwashwa katika kesha la Pasaka, hutumika kipindi chote cha Pasaka hadi Pentekoste, na baadaye huwashwa kwenye ubatizo na maziko, kwa hiyo pango lililojificha ndani yake lina nafasi nyingi za kuwaaibisha waliouandaa. Kwa mshumaa wa namna hiyo, maji ya vuguvugu yaliyofunikwa kwa blanketi usiku kucha si uangalifu uliopitiliza.

Katika utendaji, ziba kwanza tundu la utambi lililo chini ya kalibu kwa kinamo au mkanda usiopitisha maji, kwani hata uvujaji mdogo huharibu nta. Mimina nta, gongagonga kalibu kwa kidole, na usubiri dakika moja au mbili ili mapovu yapande juu. Kisha iteremshe majini polepole. Maji yafike pale pale ilipofika nta ndani: yakiwa chini zaidi, mstari wa usawa wa maji huchoreka kwenye ubavu wa mshumaa, na yakiwa juu zaidi, wimbi dogo tu huyaingiza ndani na kuacha vishimo usoni. Kalibu itataka kuelea au kuinama, kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji, hivyo laza kibao juu ya mdomo wake na uweke jiwe. Kibao hicho kina kazi nyingine ambayo naithamini zaidi: hukinga uso wa juu dhidi ya hewa, ukakawia kuganda, na kusinyaa kukaonekana kama bonde lililo wazi badala ya pango. Kalibu iwe ya bati au alumini. Bilauri au chupa ya kioo yenye nta ya moto isitumbukizwe kamwe kwenye maji baridi, maana kioo hupasuka, na nta ya moto inayomwagika huunguza vibaya ngozi.

Utando mgumu ukishafanyika juu, utoboe kwa kijiti au waya mwembamba mahali kama patatu kuzunguka utambi, na kijiti kishuke hadi karibu na chini ya kalibu. Tundu hizo zinaifungulia nafasi tupu iliyofichika. Kwa mshumaa mkubwa utarudia kutoboa mara kadhaa, kwa kuwa tundu huziba zenyewe. Bonde likishatulia, lijaze kwa nta iliyo ya moto zaidi kidogo kuliko ile ya kwanza, labda kwa nyuzi 5, ili ishikane na ya zamani, bila kupita usawa wa mwanzo. Ukipita, nta mpya hupenya kati ya mshumaa na ukuta wa kalibu, na mshumaa unagoma kutoka.

Baada ya hapo uache angalau usiku mmoja, hata kama nje unaonekana baridi, kwa sababu kiini cha mshumaa wa sentimita 10 kinaweza kuwa bado laini saa kadhaa baada ya ganda kuwa gumu. Ukiwa tayari, kalibu ikipinduliwa, mshumaa utateleza nje wenyewe au kwa kugongwa kidogo, kwa kuwa kule kusinyaa kulikosumbua katikati ndiko kulikoutenga na ukuta. Upande uliokuwa juu unakuwa kitako, na ukiusugua juu ya sufuria yenye moto mdogo unasawazika, mshumaa ukasimama wima.