Ukarabati wa vyoo vya shule hauanzi na rangi

Tangu Mtu ni Afya, kampeni ya taifa ya afya na usafi, irudi mitaani na vijijini, malalamiko tunayoletewa maofisa afya wa halmashauri yanafanana. Wazazi wamechanga, mfadhili ameleta saruji, vyoo vya shule vimepigwa rangi na kuwekwa vigae, halafu Afisa Afya anafika na kusema havikidhi vigezo. Tunaambiwa tunakwamisha maendeleo. Naeleza hapa tunachokagua, ili tuitwe kabla fedha haijatumika.

Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 inahitaji matundu 20 na 16, jumla 36. Vyoo vya walimu havimo katika hesabu hiyo. Tundu lililopigwa kufuli kwa kuwa shimo limejaa nalo halimo, hata kama limeandikwa kwenye taarifa. Ada ilipofutwa mwaka 2016 wanafunzi waliongezeka mno, na shule nyingi bado zinatumia vyoo vilivyojengwa kwa idadi ya zamani. Kamati inayokarabati matundu manane bila kuongeza hata moja itakuwa na matundu manane mazuri yenye foleni ileile.

Vigae navyo vimetuchosha. Choo bora si vigae. Vigae vinavyong'aa sakafuni huteleza vikilowa, na mtoto wa darasa la kwanza ndiye anayeanguka. Sakafu ya zege iliyosakafiwa vizuri, yenye mteremko kuelekea tunduni, inasafishika na inatosha.

Kinachotupa wasiwasi zaidi kiko chini ya sakafu. Shimo lisilojengewa kuta ndani kwenye udongo wa kichanga hutitia, na ukuta mpya hauzuii hilo. Mhandisi akague shimo na zege lililolifunika kabla ya tofali la kwanza. Kama ni choo cha shimo chenye bomba la hewa, bomba liwe la milimita 150, lipite juu ya paa angalau nusu mita, na mdomoni liwe na wavu. Ndani pawe na giza kiasi: inzi aliyemo shimoni hufuata mwanga wa juu ya bomba, akanaswa na wavu. Tumekuta shule zimetoboa madirisha makubwa "ili choo kipendeze", kisha zinauliza inzi wanatoka wapi. Na mahali pasipo maji ya uhakika, msiweke masinki ya kumwagia maji kwa sababu tu mfadhili anayapenda. Pawe pia na njia ya gari la kunyonya majitaka kufikia shimo.

Chumba cha wasichana kujistiri wakati wa hedhi si nyongeza ya hiari. Kinahitaji maji ndani, mlango wenye komeo la ndani, pipa lenye mfuniko na kichomea taka karibu. Pasipo pipa, taulo zinatupwa shimoni, na shimo linajaa kabla ya wakati wake. Choo cha mwanafunzi mwenye ulemavu nacho kinataka njia ya mteremko usiozidi 1 kwa 12 (kupanda mita moja katika kila mita 12), vishikio ukutani, na nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka. Kuandika alama mlangoni hakutoshi.

Sasa utaratibu. Kamati ya Shule ikae na kuandika muhtasari. Muhtasari na barua ya maombi viende kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia ofisi ya kata, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Mhandisi na Afisa Afya watembelee eneo pamoja. Mhandisi aandae michoro na makisio. Kazi ikifanyika kwa fosi akaunti, yaani shule kusimamia ujenzi yenyewe bila kumpa mkandarasi, ziundwe kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mjumbe mmoja asikae katika mbili. Stakabadhi zote zitunzwe shuleni. Mchango wa mzazi ni wa hiari. Hakuna mwanafunzi wa kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, na anayemrudisha atajieleza mwenyewe.

Shule isiyokidhi, ya serikali au binafsi, hupewa notisi ya maandishi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, yenye kasoro na muda wa kuzirekebisha. Muda ukiisha bila utekelezaji, shauri linaweza kufikishwa mahakamani. Notisi si chuki, na haifutwi kwa simu ya diwani. Atakayehitaji muda zaidi aandike barua kabla notisi haijaisha, aeleze kazi iliyokwisha fanyika na iliyobaki.

Mashimo ya zamani yafukiwe kwa udongo na kushindiliwa kabla wanafunzi hawajahamia vyoo vipya. Kuyafunika kwa mabati hatukubali, kwa kuwa watoto huchezea hapo. Siku ya makabidhiano tutaanzia huko.