Mchanga hauzimi kila moto wa lori

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai lori la mbolea likiwaka, lifunikeni kwa mchanga au turubai, moto utakufa kwa kukosa hewa. Kwa amoniamu nitrati, aina mojawapo ya mbolea, si kweli (urea, mbolea nyingine, haimo kundi hili). Kemikali hiyo huupa moto oksijeni yake yenyewe. Ukiifunika, unafungia joto na gesi, na inaweza kulipuka. Kinachosaidia ni maji mengi, kazi ya zimamoto. Moto ukifika kwenye shehena, ondokeni: miongozo ya dharura hutaja mita 1,600.

Watu huchanganya kwa sababu mchanga huzima petroli kidogo iliyomwagika. Kagua kibandiko cha lori ukiwa mbali: pembenne ya njano iliyosimama kwa ncha, mwali juu ya duara, namba 5.1, ndiyo alama ya kemikali zinazoupa moto oksijeni. Ujumbe ule usiusambaze. Mweleze taratibu aliyekutumia.