Printi namba 1/50 si lazima iwe bora kuliko 43/50

Hapa Kisumu, ukiongea na watu wananunua printi za skrini zimesainiwa na wasanii, wengi watakuambia namba ikiwa ndogo, tuseme 1/50, hiyo ndio ilitoka kwanza kwa hivyo ndio safi na ya bei.

Hiyo imani haikutoka hewani. Kuna mbinu ya zamani ya kuchora kwa sindano juu ya bamba la shaba, na kingo za mikwaruzo zinalika mapema, so karatasi za kwanza zilikuwa kali kweli. Lakini skrini ni kitambaa cha matundu madogo, wino unasukumwa na raba, na inaweza piga mamia bila tofauti ya kuonekana. Alafu kila rangi inapigwa peke yake, karatasi zinaanikwa, zinapangwa, zinachanganyika, msanii anakuja kusaini baadaye na kuandika namba vile zimemfikia. Hiyo 50 ni jumla ya toleo tu, na zile za A/P (nakala za msanii mwenyewe) kawaida hazimo. Kuna wenye huongeza pesa wapate 1/50, sawa, ni mapenzi yao.

Mimi ningeangalia karatasi yenyewe. Iinamishe dirishani: saini ya penseli inang'aa kijivu na mara nyingi imeacha kamfereji. Vuta na kamera ya simu, ukiona vidoti vidogo sana vya rangi nne vimejipanga kama maua, hiyo ni ofseti, yaani imepigwa na mashine kama gazeti, hata kama ina namba. Ya skrini rangi imejaa, na mahali rangi mbili zimepandana kuna ukingo. Ukiwa bado na shaka, pitia kwa wale wanaprinti tishati kwa skrini mtaani uombe kulinganisha tishati ya kwanza na ya mwisho.