Deki ya zombi katika Commander: dhana potofu na ukweli

Commander ni namna ya kucheza mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ambayo kwa kawaida hukaa watu wanne mezani. Deki, yaani fungu la karata la mchezaji, ina karata 100 kamili, akiwemo kamanda, kiumbe anayeiongoza. Hakuna karata inayorudiwa isipokuwa ardhi za msingi (ardhi hutoa mana, nguvu ya kulipia karata nyingine) na chache ambazo maandishi yake yanaruhusu. Kila mtu anaanza na uhai 40. Hapa kamanda wetu ni Wilhelt, the Rotcleaver, wa rangi ya buluu na nyeusi.

Dhana: Deki ya zombi ijazwe zombi watupu.
Ukweli: Deki ya namna hiyo hukwama raundi ya tano, mkono ukiwa mtupu na meza ikiwa imefagiwa, yaani viumbe wote wameondolewa kwa mpigo. Anza na mifupa: ardhi 37, vyanzo vingine vya mana 10 (Sol Ring, Arcane Signet, Dimir Signet), karata 8 za kuvuta nyingine, 8 za kuondoa vitisho na 3 za kufagia meza. Ukimhesabu kamanda, zimebaki nafasi 33 za zombi na wasaidizi wao. Zinatosha kabisa.

Dhana: Ukiwa na Sol Ring, ardhi 30 zinatosha.
Ukweli: Kwa ardhi 37, mkono wa karata 7 hupata wastani wa ardhi 2.6, kwa 30, ni 2.1. Wilhelt anagharimu mana 4. Ardhi tatu na Signet iliyowekwa raundi ya pili humleta raundi ya tatu, lakini ardhi ya tatu isipokuja, Signet hiyo pekee haitoshi kumleta.

Dhana: Zombi yeyote mwenye nyeusi anaruhusiwa.
Ukweli: Huangaliwa kila alama ya mana, kwenye gharama na ndani ya maelezo pia. Wayward Servant ni zombi mzuri, ila ana nyeupe, ambayo si rangi ya Wilhelt, hivyo haingii.

Dhana: Tokeni za Wilhelt (viumbe wanaozalishwa mchezoni bila kuwa karata za deki) ni ukuta wa kujilinda.
Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Zombi wako mwingine akifa, Wilhelt huacha tokeni ya zombi ya 2/2 (nguvu 2, ustahimilivu 2) iliyooza: haiwezi kuzuia, na ikishambulia hutolewa sadaka pambano likiisha. Yenyewe ikifa haiachi nyingine. Matumizi yake bora ni mwisho wa zamu yako: toa sadaka ile ambayo haikushambulia, uvute karata. Kwa kuzuia, weka zombi halisi.

Meza ikifagiwa kwa kuua, Wilhelt akifa pamoja na wenzake, wale ambao hawakuwa wameoza bado huacha tokeni. Karata ya Farewell ikiwaondoa viumbe mchezoni, hakuna aliyekufa, basi hupati kitu.

Dhana: Kushambulia tu kutamaliza mchezo.
Ukweli: Wapinzani watatu wana uhai 120 kwa jumla. Weka njia ya pili. Karata tatu, Gravecrawler, Phyrexian Altar na Vengeful Dead, zinatosha: mtoe Gravecrawler sadaka kwenye Altar upate mana moja nyeusi, kila mpinzani apoteze uhai 1 kwa nguvu ya Vengeful Dead, kisha mcheze tena kutoka kaburini (rundo la karata zilizokufa) kwa mana hiyo hiyo, kwa kuwa Vengeful Dead ni zombi aliyebaki mezani. Rudia hadi waishe. Mpinzani mwenye uwezo wa kuondoa karata kaburini papo hapo huukata mzunguko Gravecrawler anapoanguka tu, kwa hiyo kabla ya kuanza angalia nani ameacha mana yake wazi.