Pole Arobaini, Simu Hata Moja

Mtu anaandika kwenye grupu la watu aliosoma nao: "Mama amelazwa, hali si nzuri." Haiishi saa moja, pole zimefika arobaini, nyingine ni alama tu ya viganja viwili vilivyokutanishwa. Siku inaisha, ya pili inaisha, simu yake haijaita. Si kwamba wenzake wana roho mbaya. Kila aliyefungua grupu alikuta pole za wengine zimeshajipanga, akaongeza ya kwake, akaona jambo limeshughulikiwa. Mzigo uliobebwa na watu arobaini umekosa mbebaji.

Sisi tunaofuatilia mahusiano ya watu tunaulizwa kila mara kama mitandao inatuunganisha au inatutenganisha. Mimi huuliza kwanza: unamzungumzia nani, mtu unayefahamiana naye tu, au mtu wako wa karibu? Kwa hawa wawili mtandao haufanyi kazi moja.

Kwa watu tunaofahamiana nao tu, mitandao imetusaidia sana, na nalisema hili bila kusita. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba kati ya watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, zaidi ya asilimia 80 waliambiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake ni nyepesi: rafiki yako wa kila siku anajua yaleyale unayoyajua wewe, wakati yule wa mbali anaishi kwenye habari nyingine. Mwaka 2022, majaribio yaliyohusisha zaidi ya watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, kwa miaka mitano yaliunga mkono hoja hiyo, ila yakaongeza kwamba mtu mnayejuana kwa mbali mno naye hasaidii sana. Zamani watu kama hao walipotea mtu akihama au akimaliza shule. Leo wamo kwenye simu.

Kwa watu wa karibu, hesabu ni nyingine. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar wa Uingereza anakadiria kwamba binadamu anamudu uhusiano wa kweli na watu kama 150, na ndani yao watano hivi ndio wa kumkimbilia wakati wa shida. Alipowachunguza watumiaji wa Facebook nchini Uingereza, matokeo yaliyotoka mwaka 2016, idadi ya wale wa kukimbilia ilikuwa wanne kwa wastani, hata kwa wenye orodha ndefu ya marafiki. Orodha inarefuka, saa za siku zinabaki 24. Na urafiki unakula saa: utafiti wa mwaka 2018 wa Jeffrey Hall, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, unakadiria zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja kabla mtu hajawa rafiki wa karibu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni stetasi. Ukiona picha za ndugu yako asubuhi, safari yake, mtoto wake, unapata hisia kwamba mmeonana. Yeye hajui hata kama umemkumbuka, zaidi ya jina lako kwenye orodha ya waliotazama. Mwaka unapita hivyo, kila mmoja akiamini anajua habari za mwenzake, na anachokijua ni kile tu mwenzake alichochagua kukionyesha. Ugonjwa, deni, ndoa inayoyumba: hayo hayawekwi kwenye stetasi. Husemwa baada ya dakika kumi za mazungumzo, pale mtu anapoacha kujibu "salama tu".

Kwa hiyo sikushauri ufute chochote. Ukikuta habari nzito kwenye grupu, usiishie kuandika pole hapohapo. Toka, mtafute mwenyewe, mpigie. Asipopokea, mwachie ujumbe wa sauti, umuulize jambo moja mahususi: mgonjwa yuko wodi gani, nani analala naye leo, wewe mwenyewe umekula?