Kuyeyuka ni kuyeyuka

Kwa Kiswahili cha kawaida, barafu huyeyuka juani na sukari huyeyuka majini. Kamusi za sayansi zikaona hatari hapo, zikatuletea "kumumunyuka" kwa ajili ya sukari. Nalitumia neno hilo, lakini kila ninapokokotoa umumunyifu, yaani kiasi cha kitu kinachoweza kumumunyuka, naona wazee wetu hawakukosea sana. Kitu kigumu kinapomumunyuka, kimahesabu hufanya mambo mawili: kwanza fuwele inavunjika kana kwamba imeyeyuka kwa joto, kisha molekuli zake zinachanganyika na kiyeyushi, yaani kimiminika kinachokipokea.

Hatua ya kwanza ina fomula yake:

ln x = −(H/R)(1/T − 1/Tₘ)

x ni sehemu ya kitu kilichomumunyuka kati ya molekuli zote zilizo kwenye mmumunyo uliokolea kikomo, H ni nishati ya kuyeyusha moli moja ya fuwele, R ni ile namba isiyobadilika ya gesi, T ni halijoto ya maabara na Tₘ ni halijoto ya kuyeyukia, zote mbili kwa kelvini. Chukua naftalini: huyeyuka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi na huhitaji kilojuli 19 hivi kwa moli. Kwa nyuzi 25, jibu ni 0.30. Sasa itazame tena fomula. Kiyeyushi hakimo kabisa! Hata hivyo, ukiipima naftalini ndani ya benzeni unapata kama 0.295.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa anthraseni na fenanthreni. Zote zina kaboni 14 na hidrojeni 10, ila pete za kaboni zimepangwa tofauti. Anthraseni hujipanga vizuri mno ndani ya fuwele, ndiyo maana huyeyuka kwenye nyuzi 216 hivi. Fenanthreni kwenye 100 tu. Ndani ya benzeni kwa nyuzi 25, fenanthreni hufika molekuli 20.7 katika kila 100. Anthraseni haifiki hata moja. Benzeni ni ileile. Fuwele ndiyo iliyokataa kuachia.

Kiyeyushi huanza kuonekana pale kinaposhindwa kuelewana na mgeni wake. Naftalini ileile hushuka hadi 0.12 hivi katika heksani na 0.04 hivi katika ethanoli. Majini ni miligramu 31 tu kwa lita, kwa sababu molekuli za maji zimeshikana na hazina haja ya kumpisha mtu. Pengo kati ya 0.30 na kipimo halisi ndilo linalokabidhiwa modeli, yaani milinganyo ya kukadiria. Mwanakemia Hildebrand alilieleza kwa namba moja kwa kila kimiminika, inayoonyesha molekuli zake zimeshikana kwa nguvu kiasi gani. Zikikaribiana namba hizo, vitu huchanganyika. Mwaka 1967 mtafiti Hansen akaigawa namba hiyo sehemu tatu, ili mvuto wa kawaida, wa chaji na wa hidrojeni kila mmoja uwe na hesabu yake. Siku hizi kompyuta hukadiria hata kwa molekuli ambayo haijawahi kutengenezwa. Pia kuna milinganyo ya kuchora tu mstari upite kwenye vipimo kadiri joto linavyopanda. Inafaa, ila anayeisifia kwa desimali ya nne ilhali maabara mbili makini zinaweza kupishana kwa asilimia kumi au zaidi, mimi humwangalia tu.

Kupima kwenyewe kunaonekana kazi ya mtoto. Weka unga uliozidi kwenye chupa ya kiyeyushi, itikise kwa halijoto isiyobadilika kwa siku moja hadi tatu, iache itulie, chuja, kisha pima kilichomo. Bomba na kichujio visipokuwa na joto lilelile, fuwele huota njiani na unapima pungufu. Mimi huandaa chupa mbili: moja ukolezi wake unapanda kutoka kwenye kiyeyushi kitupu, nyingine unashuka kutoka kwenye mmumunyo uliopashwa zaidi. Zisipokutana, siandiki kitu.

Zamani nilipima theofilini kavu, ambayo ni dawa ya pumu, majini. Ikapanda vizuri, halafu ikaanza kushuka. Nikalaumu kifaa, nikakirekebisha upya, ikazidi kushuka. Siku ya pili ndipo nilipoweka mashapo chini ya hadubini: unga wangu umegeuka sindano ndefu. Theofilini ilikuwa imeyaingiza maji ndani ya fuwele yake, na fuwele hiyo mpya humumunyuka kidogo kuliko ile kavu. Ritonaviri, dawa ya VVU, iliwafanyia watengenezaji jambo la jamii hiyo mwaka 1998: fuwele ya umbo jipya, isiyomumunyuka kwa urahisi, ikajitokeza ndani ya kapsuli, zikaondolewa sokoni na dawa ikaundwa upya.

Ndiyo sababu mtu akiniletea jedwali la vipimo nimtafutie modeli, huwa namuuliza kwanza mashapo yake yalipigwa eksirei ya kutambua aina ya fuwele siku ya mwisho, au ya kwanza tu. H na Tₘ nitakazoingiza kwenye fomula ni za fuwele ipi?