Lishe Bukavu: tunayoambiwa na yaliyo kweli

"Watoto wanadumaa kwa sababu mama zao hawajui kulisha"

Kati ya kauli tunazozisikia Bukavu kuhusu lishe, hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inamtwisha mama lawama isiyo yake. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Kwetu Kivu Kusini, jimbo la Bukavu, walikuwa zaidi ya nusu. Je, mama wote hao hawajui faida ya mboga?

Nenda kituo cha afya siku ya kupima watoto uzito. Muuguzi anauliza makundi ya vyakula na akina mama wanaitikia kwa sauti moja: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kukinga magonjwa. Kisha mmoja, mtoto mgongoni, anasema: "Hayo tunajua, muganga. Makala ndio hatuna." Makala ni makaa ya kupikia, na amesema kweli tupu. Maharagi makavu yanakaa motoni saa nyingi. Sombe lazima itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, la sivyo sumu iliyomo kwenye majani ya muhogo haitoki. Anayenunua makala ya siku moja moja hupiga hesabu ya moto kwanza, chakula baadaye. Bugali unaiva upesi na unashibisha, ndiyo maana unabaki peke yake na mboga kidogo pembeni. Na mama anayebeba mizigo kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, tangu alfajiri, mtoto wake analishwa na dada yake mdogo, kwa kile kilichobaki kwenye sufuria.

Tena tuliyaona wenyewe benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025. Walimu na wauguzi ambao mishahara yao ilikwama hawakusahau walichojua kuhusu chakula. Mayai, maziwa na samaki ndivyo vilivyoondoka mezani.

"Basi mafunzo ya lishe ni kazi bure"

Hapana. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba watoto wa mama aliyesoma hula vyakula vya aina nyingi zaidi, na sehemu ya tofauti hiyo inabaki hata kati ya familia zenye kipato kinachokaribiana. Lakini somo lenye faida ni lile linaloingia mfukoni mwa msikilizaji. Kumwambia mama wa Kadutu anunue nyama kila siku ni kumuumiza bure. Mwambie aloweke maharagi usiku kucha, amwage yale maji, apike kesho yake: makala yatapungua. Mwambie asiunguze mawese mpaka yawe meupe, kwa sababu ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unauharibu. Mwambie chai isinywewe pamoja na maharagi au lengalenga (mchicha), kwa kuwa inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na kwamba limau au pera linayasaidia kuingia. Hayo anaweza kuyafanya leo jioni.

"Sambaza ni chakula cha maskini"

Samaki huyu aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sidhani kama kuna zawadi kubwa kuliko hiyo tuliyopata ziwani. Analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo anatupa kalisi, madini ya kujenga mifupa, pamoja na protini. Akikaushwa na kusagwa, vijiko viwili vya unga wake ndani ya uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) vinambadilishia mtoto wa miezi minane mlo mzima. Wanaomdharau kisha wakanunua soseji wanalipa zaidi na kupata kidogo.

"Wenye pesa wanakula vizuri"

Wanakula vingi zaidi, ndiyo. Ila mkate mweupe na soda asubuhi, chipsi na mayonezi mchana, nyama ya kuchoma na bia jioni: mboga iko wapi? Ubora wa chakula cha mwanamke hupimwa kwa makundi 10 ya vyakula, naye anapaswa kugusa walau matano kwa siku. Wapo wenye magari wasiofika hapo.

"Miguu ya mtoto ikivimba, amepewa karuho, yaani sumu"

Miguu yote miwili kuvimba, nywele kuwa nyekundu na kukatika, mtoto kununa na kukataa chakula: hiyo ni bwaki, utapiamlo mkali. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kila siku inayopotea kwa mganga wa kienyeji anayedai kutoa sumu inaweza kumgharimu uhai.

"Lishe ni mambo ya wanawake"

Katika nyumba nyingi za hapa baba ndiye anayetoa pesa ya sokoni, na kipande kikubwa cha samaki kinawekwa kwenye sahani yake. Mama anatoka kwenye mafunzo amejaa maarifa, halafu anarudi kuomba pesa ya yai kwa mtu ambaye hakuwepo. Ningependa baba waitwe pia, Jumapili baada ya ibada, siyo Jumanne asubuhi wakiwa kazini. Waelezwe kwamba yai ni la mtoto kwanza, na kwamba makala ya maharagi ni sehemu ya pesa ya chakula.